Maji ya Kifuniko cha Chupa

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Dawa.
Jumanne, tarehe 14, asubuhi.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Itikia huko huko uliko, mimi nitajua. Goti lako linaendeleaje? Yale mafuta ya kuchua niliyompa mke wa mhasibu akuletee yalifika, au aliyamaliza yeye njiani? Na shemeji je, kikohozi kimemwacha? Kazini bado wanakupanga zamu ya kuwainua wagonjwa wazito peke yako? Waambie una miaka sitini na moja, si ishirini na moja. Ukinyamaza watadhani unapenda.

Hapa sote wazima. Macho yangu tu ndiyo yameleta ukaidi. Kutunga uzi kwenye sindano siku hizi namwomba mteja anisaidie, na mteja akishanisaidia anaanza kuniambia namna ya kukata kola. Cherehani ni ile ile ya mama, kelele nyingi kuliko kazi, lakini inatembea.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata. Nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekasirikia mstari ule ule wa mwisho. Unaniambia nikisafisha stoo nilitoe lile sanduku lako la bati na kuyachoma madaftari ya masomo ya kipaimara, kwa sababu miaka tisa uliyowafundisha watoto wa watu haikumfaa mtu yeyote. Nitakujibu. Lakini kwanza nikueleze yaliyotokea hapa, maana nina hasira ya wiki tatu na huku sina wa kunisikiliza bila kuniambia nitulie. Nimechoka kutulizwa.

Unajua kwamba mke wa mtoto wa marehemu kaka alijifungua kabla ya siku zake, mtoto wa miezi saba. Yule yule tunayemwita Kimya, anayefua mashuka hotelini, mtu ambaye ukikaa naye tangu asubuhi mpaka jioni utapata maneno sita, na matatu ni salamu. Kwenye simu nilikuambia mtoto ni wa kike na yu hai. Sikukuambia yote. Sikutaka kulia kwenye simu mbele ya wateja wenye vitambaa mikononi.

Siku ya pili mtoto alianza kubadilika rangi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kimya alikuwa bado na usingizi wa dawa za upasuaji, mume wake alikuwa barabarani na lori, na aliyekuwa pale ni mimi. Nilimpigia mchungaji mara kumi na moja. Alikuwa kwenye semina, simu imezimwa. Nikampigia mwinjilisti. Alikuwa amekwenda kuzika upande wa pili wa usharika, akasema atajitahidi kufika alasiri. Nikamtazama mtoto. Hakuwa mtu wa kusubiri alasiri.

Muuguzi, ambaye yeye mwenyewe si wa dini yetu, akanisogelea. "Mama," akaniambia, "kama kwenu kuna jambo mnamfanyia mtoto, lifanye sasa."

Nikanawa mikono mpaka viwiko. Maji yalikuwamo kwenye chupa yangu ya kunywa. Kikombe kisingepita kwenye kidirisha cha kile kisanduku cha joto wanamowalaza watoto wadogo, kwa hiyo nikamimina kwenye kifuniko cha chupa, nikakifumbata kiganjani mpaka maji yakapoteza ubaridi. Kisha nikakwama. Sikuwa na jina. Wazazi walikuwa hawajakubaliana, na hakuna aliyekuwapo wa kumuuliza.

Ulimi wangu ukatoa jina lako. Sikulichagua, dada, nisikudanganye. Lilikuwa karibu tu, kwa sababu maneno yale ya ubatizo sijawahi kuyasikia kichwani mwangu isipokuwa kwa sauti yako. Nikachovya kidole, nikamgusa utosini mara tatu, nikayasema yote mpaka Roho Mtakatifu na Amina. Muuguzi alikuwa ameshika mpira wa hewa. Aliniuliza kama ndiyo yote. Nikamwambia ndiyo yote.

Unakumbuka ulivyotutesa? Somo la ubatizo wa dharura, pale jikoni kwa mama, na kopo la maji, na yule mwanasesere uliyemshona kwa vipande vya vitambaa, Bi Matambara. Ulisema kila Mkristo anaweza kuitwa siku moja, na siku hiyo hatakuwa ameketi vizuri. Kwa hiyo ulitusemesha maneno tukiwa na ndoo kichwani. Ulitustua mlangoni tuyaseme. Ulimpa binti wa muuza mkaa mtoto wa jirani anayelia amshike huku anayasema. Bi Matambara alibatizwa na madarasa ya miaka yote tisa mpaka akaota ukungu. Na mimi kila zamu yangu ikifika nilikuwa nacheka, nawe unanirudisha nyuma ya mstari.

Mtoto hakufa. Nakuandikia hilo kwa herufi za kawaida, lakini nilipoambiwa nilikaa chini pale pale kwenye sakafu ya korido. Baba yake aliporudi na lori nikamweleza kuhusu jina. Alikuwa amejiwekea jina la mama yake. Lakini akasema, "Basi abaki nalo, shangazi. Inaonekana jina lenyewe limemshika."

Sasa tufike kwa mchungaji. Tuna mpya, huu mwezi wake wa tisa. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mtu mbaya ningemchukia, nikapumzika. Huyu anatembelea wagonjwa, anahubiri vizuri, hachelewi. Kanzu yake nyeupe ya ibada nimeishona mimi, na pindo nimelipandisha mara mbili, kwa sababu aliponitajia urefu wake alijiongezea kidogo.

Mtoto alipotoka hospitali tulikwenda ofisini kwake, mimi na Kimya, ili ubatizo uandikwe kwenye daftari la usharika na utangazwe. Akauliza nilipewa ruhusa na nani. Nikasema na hali. Hakucheka. Akasema sakramenti ina utaratibu wake, shahidi tuliye naye si Mkristo, na fundi cherehani anayelia anaweza kuruka neno asijue ameliruka. Kwa hiyo, ili kuondoa wasiwasi, atambatiza upya Jumapili ya ubatizo pamoja na wenzake. Nikamwambia anayebatizwa tena na tena ni mwanasesere peke yake. Hakuelewa, nami sikuwa na subira ya kumweleza.

Baadaye nilisikia kwamba kule alikotoka palikuwa na seremala aliyeanza kubatiza watu mtoni bila kumuuliza mtu, na alipoondoka aliondoka na nusu ya usharika. Kwa hiyo mchungaji wetu akiona mlei na maji mahali pamoja, anaona waumini wake wakitoka mlangoni. Namwelewa. Lakini mimi si yule seremala.

Nikamrudia na kitabu cha ibada. Kule nyuma kabisa, unapajua, kuna utaratibu wa kuuthibitisha ubatizo wa dharura, na maswali manne ambayo mchungaji anauliza mbele ya kanisa. Akisharidhika na majibu hamwagi maji tena, anaombea na kubariki. Niliweka kipande cha kitambaa chekundu kuwa alama. "Mama," akaniambia, "vitabu nimevisomea." Akakiweka juu ya mafaili, na kitambaa changu kikining'inia.

Nikalipeleka jambo hilo kwenye baraza la wazee wa kanisa. Tuko kumi na wawili, nami ni mmoja wao, kama nilivyokuandikia mwaka ule. Nje, kwenye ngazi, saba waliniambia niko sawa kabisa. Mwenye duka la baiskeli alinishika mkono kwa mikono miwili. Tulipoingia ndani na mchungaji akaeleza, wote saba wakaanza kuzichunguza kucha zao. Sijawahi kuona kucha zinapendwa namna ile. Katibu, yule mwalimu mstaafu tunayemwita Muhtasari, akaandika kwamba ilikubaliwa kwa kauli moja. Nikakataa kutoka chumbani mpaka aongeze "isipokuwa mmoja". Akaongeza, kwa herufi ndogo ungedhani wino ni wake.

Ndiyo kanisa letu hilo, dada. Kila mwaka tuna Jumapili ya walei. Siku hiyo tunaambiwa waamini wote ni makuhani, mtu wa kawaida ni mhudumu wa Mungu kazini kwake na nyumbani kwake, tunaimba, tunapigiwa makofi. Jumatatu makuhani wote wanarudi kufagia, kupanga viti, kushona vitambaa vya madhabahu na kuchemsha chai ya wageni. Sikatai kufagia. Nimefagia kanisa lile miaka thelathini. Ninachokataa ni kuambiwa mimi ni kuhani wa ufagio tu, na siku mikono yangu ilipohitajika kwa lile lile tulilofundishwa, naulizwa nani aliniruhusu.

Nilikukumbuka sana wiki hiyo. Nilikumbuka Jumapili ile walipotangaza kwamba darasa la kipaimara limepata mwalimu mwenye cheti, na wewe ukasikia tangazo ukiwa umeketi na watoto wako ishirini na mbili, hakuna aliyekuambia kabla. Hata asante hawakusoma. Ulitoka na chaki mfukoni. Nilikuwa nyuma yako, nami sikusema kitu, wala pale wala baadaye. Hilo sijawahi kukuandikia. Miaka yote nimewalaumu wao.

Na hapa sasa nijilaumu mwenyewe tena. Jumamosi ya kuamkia ubatizo nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimemshonea mtoto gauni jeupe huku nikisonya kila mshono. Kimya alipokuja kulichukua nikamwambia tuache tu, mchungaji afanye anavyotaka, maji hayaumi, tusimgombanishe mtoto na kanisa kabla hajaota meno. Yeye akalikunja gauni taratibu. Akaniuliza, "Shangazi, siku ile ulimbatiza, au hukumbatiza?"

Nikasema nilimbatiza.

"Haya," akasema, akaondoka. Nikahesabu maneno, nikaona kwake hiyo ni hotuba.

Jumapili, yaani juzi, watoto walikuwa watano na wetu alikuwa wa mwisho. Mimi nilikaa benchi la nne, midomo imefungwa. Wanne walibatizwa vizuri, wa pili akapiga kelele kama ilivyo haki yake. Kimya akasogea na mtoto, mume wake pembeni. Mchungaji akauliza jina. Kimya akalitaja jina lako kwa sauti ya kawaida. Mchungaji akatia mkono kwenye bakuli la ubatizo, akauinua.

Kimya akageuka ubavu. Akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha mtoto, chote, hakikuonekana hata kisogo.

"Mchungaji," akasema, "huyu ameshabatizwa. Naomba uniulize yale ya kwenye kitabu."

Kanisa zima, dada. Mpiga kinanda alibonyeza kitu kwa bahati mbaya kikalia, akakizima. Mchungaji amesimama mkono uko hewani, maji yanamdondokea kwenye lile pindo nililolipandisha mara mbili. Nilidhani atakasirika. Nilidhani atamwambia akakae. Mume wake Kimya akasogea hatua moja karibu na mke wake. Mzee mmoja wa baraza akakohoa, akakohoa tena, na mimi nikawa naomba kimoyomoyo nipate nguvu ya kusimama.

Mchungaji akajifuta mkono. Akachukua kitabu cha ibada, akakifungua kule nyuma. Kile kitambaa chekundu kilikuwa pale pale nilipokiweka. Hakuhangaika kutafuta mstari, dada. Alikuwa ameshapasoma. Nilifurahi na nikakasirika kwa pamoja. Kama alipasoma, kwa nini alimwacha mama wa watu afike pale mbele ajitetee mwenyewe?

Akauliza ni nani aliyembatiza mtoto huyu. Kimya akasema ni shangazi wa mume wake, fundi cherehani, yule pale benchi la nne. Basi nikasimama, ningefanyaje. Akauliza ni nani walikuwapo. Nikamtaja muuguzi, nikasema si wa dini yetu lakini alishika mpira wa hewa mpaka mwisho. Akauliza alibatizwa kwa kitu gani. Nikasema kwa maji, ya kifuniko cha chupa. Kuna waliocheka, nikawageukia wakaacha. Akauliza kwa maneno gani.

Nikayasema. Mbele ya wale kumi na mmoja na kucha zao, mbele ya kwaya, nimesimama, mkoba umeniangukia miguuni na vitu vyangu vinaviringika chini ya mabenchi. Sikucheka na sikuruka neno.

Mchungaji akainua macho kutoka kitabuni. Halafu akauliza swali la tano, ambalo halimo kitabuni. Akauliza nilifundishwa na nani.

Nikalitaja jina lako, la kwanza na la baba. Vichwa vilianza kugeuka, dada, na si vya vijana. Binti wa muuza mkaa, ambaye sasa ana wajukuu, akainua mkono kama yuko darasani, akasema, "Na mimi." Mwenye duka la baiskeli akasema, "Hata mimi." Kumbe na yeye anakumbuka! Alikaa barazani na yale maneno kichwani mwake, anaangalia kucha. Watu saba wakasema wamefundishwa na wewe, ndani ya kanisa lile ulilotoka na chaki mfukoni.

Mchungaji akasema ubatizo ni halali. Akamwombea mtoto, akambariki, hakumgusa hata kwa tone moja.

Usidhani sasa tunacheka. Jana nilikwenda ofisini kuchukua cheti. Kwenye mstari wa aliyebatiza ameandika jina langu lote, hilo namshukuru. Lakini alipokuwa ananipa akasema, "Ila mama, safari nyingine unipigie simu kwanza." Mara kumi na moja, dada! Nilimfungulia simu yangu nikamwonyesha, zote kumi na moja, na saa zake. Akaziangalia kwa muda. Akaomba radhi, kwa sauti ya chini, nami nikaondoka haraka kabla sijaiharibu. Muhtasari naye amenifuata leo asubuhi hapa dukani kuniambia kwamba baraza siku zote lilikuwa upande wangu. Nimemwambia suruali yake itakuwa tayari mwezi ujao.

Sasa kuhusu sanduku lako. Jana jioni nililitoa stoo, sikukuasi moja kwa moja. Nikalifuta vumbi, nikalifungua. Bi Matambara hayupo, panya wamemaliza. Madaftari yapo yote. Kwenye lile la kijani kuna orodha ya darasa letu, na mbele ya kila jina umeweka tiki kwa aliyeyaweza maneno akiwa na ndoo kichwani. Binti wa muuza mkaa ana tiki. Mwenye baiskeli ana tiki. Nikashuka mpaka kwenye jina langu. Umeandika "bado". Hujawahi kurudi kulifuta.

Sitachoma kitu. Usiniandikie tena habari za kuchoma. Daftari la kijani nimeliweka hapa kwenye meza ya kukatia, limefunguliwa ukurasa huo, na kalamu juu yake. Omba likizo, panda chochote kinachokuja huku, mpakate mjukuu wako mwenye jina lako, kisha ukae hapa ulirekebishe kwa mkono wako mwenyewe. Mimi sitalifuta. Sikujipa ruhusa hiyo.

Msalimie shemeji, mwambie lile koti aliloniachia nimelitengeneza na mifuko yote sasa ina matundu ya juu tu. Msalimie binti yako mkubwa na yule jirani wa ghorofa ya chini anayekusomea barua miwani yako ikipotea. Kama ni yeye anasoma sasa, asante, na pale nilipojilaumu asome polepole. Kimya anakusalimia. Kasema "Shikamoo", basi.

Bwana akuwekee mkono juu ya kichwa chako kama mama yule alivyomwekea mwanawe, mtu asikuguse.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukukasirikia, mwanafunzi wako ambaye bado,

Sindano.